Mwongozo wa Kuitembelea Pwani ya Ureno, kutoka Porto hadi Algarve

Mtu aliyezoea Bahari ya Hindi akienda Ureno kwa nia ya kuoga baharini atavunjika moyo siku ya kwanza. Maji ya Atlantiki upande wa magharibi wa nchi hiyo hubaki baridi hata mwezi wa Julai, mara nyingi chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, na mawimbi yake si ya kuchezea watoto. Watalii wa Ulaya ya kaskazini wanaofurika huko kila kiangazi hufuata jua, ambalo sisi tunalo mwaka mzima. Kwa hiyo ratiba zao, ambazo ndizo zilizojaa mitandaoni, hazimfai msafiri aliyetoka Tanga, Lamu au Bujumbura. Kinachostahili nauli ya kutoka Afrika Mashariki ni mambo mengine: magenge marefu yanayokatika ghafla baharini, njia za miguu zinazopita juu yake, reli zinazofuata mito, samaki wa kuchoma, na historia ambayo sehemu yake kubwa ilitendeka Kilwa, Mombasa na Malindi. Mwongozo huu umepangwa kwa msafiri mwenye majuma mawili hivi, anayetumia treni na mabasi, akianzia kaskazini na kushuka kusini.

Hatua ya kwanza: chagua majira

Miezi inayofaa zaidi ni Mei, Juni, Septemba na siku za mwanzo za Oktoba. Julai na Agosti vyumba hupanda bei, foleni huwa ndefu kila penye mlango wa tiketi, na joto la sehemu za bara za mkoa wa Alentejo linaweza kupita nyuzi 40. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua ni nyingi, hasa Porto, lakini hiyo ndiyo miezi ambayo mawimbi makubwa ya Nazaré huonekana. Ni lazima uamue mapema unachokitaka zaidi, kwa kuwa anayekwenda Juni kwa ajili ya kutembea hatayaona mawimbi, na anayekwenda Januari kwa ajili ya mawimbi atazipata njia za pwani zikiwa na upepo mkali na matope. Mwisho wa Oktoba ni suluhu ya kati, ingawa unahitaji koti la mvua na moyo wa kukubali siku mbili tatu za kukaa ndani.

Hatua ya pili: shughulikia viza mapema

Ureno imo katika eneo la Schengen, hivyo viza yake ya muda mfupi inakuruhusu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla yake. Mtu mwenye busara hatafuti miadi katika mwezi wa mwisho. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ombi likikataliwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kutumika kwa miezi mitatu au zaidi baada ya tarehe ya kuondoka Schengen. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya kiasi kisichopungua euro 30,000.

Afisa anayelisoma jalada lako hutaka kujua mambo matatu: unakwenda kufanya nini, nani anagharamia, na kwa nini utarudi nyumbani. Ratiba ya safari, nafasi za hoteli, taarifa za benki na barua ya mwajiri au leseni ya biashara vinapaswa kusimulia habari moja. Jalada lenye hoteli za Lisbon kwa siku zote 14, huku barua ya maombi ikitaja Porto na Lagos, huzua maswali yasiyo ya lazima. Ukikusudia kupitia pia Hispania au Ufaransa, omba viza kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi.

Waswahili wanaoishi Ulaya wazingatie tofauti moja. Mwenye kibali cha kuishi cha Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen huingia Ureno bila viza nyingine, lakini kibali cha Uingereza hakimwondolei mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania wajibu wa kuomba viza. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen ilianza pia mfumo wa kusajili alama za vidole na picha ya uso ya kila mgeni wa muda mfupi, jambo linaloweza kurefusha foleni. Usipange treni au ndege nyingine saa moja baada ya kutua.

Hatua ya tatu: kata tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine

Safari nyingi kutoka Nairobi na Dar es Salaam hupitia Istanbul, Doha, Dubai au mji mkuu mmojawapo wa Ulaya. Tafuta tiketi inayokufikisha Porto na kukuondoa Lisbon, ili usipoteze siku nzima kurudi ulikotoka. Bei ikikataa, tua Lisbon kisha upande treni ya kwenda Porto, mwendo wa saa tatu hivi. Shirika la reli la Ureno, CP, huuza kwa bei ya chini tiketi za treni za masafa zinazokatwa siku nyingi mapema, na abiria mwenye umri wa miaka 65 au zaidi hulipa nusu ya nauli akionyesha kitambulisho. Gari la kukodi sikulipendekezi kwa safari hii: barabara za milimani ni nyembamba, maegesho ya mijini ni ghali, na tozo za barabara kuu zinazokatwa kwa mitambo huwachanganya wageni.

Hatua ya nne: Porto na mto Douro, usiku tatu

Daraja la Dom Luís I, lililofunguliwa mwaka 1886, ndipo mahali pa kuanzia. Lina ghorofa mbili. Juu hupita metro na watembea kwa miguu, chini hupita magari. Livuke kwa juu alasiri kwenda Vila Nova de Gaia, ukae katika bustani ya Jardim do Morro, uutazame mji ulivyopangwa juu ya mwamba mpaka kwenye gati la Ribeira huku jua likizama upande wa mlango wa mto. Ng'ambo hiyo ya Gaia ndiko yaliko maghala ya mvinyo wa Porto. Asiyekunywa hana haja ya kulipia ziara yake, maana kinachovutia zaidi kiko nje na ni cha bure.

Asubuhi inayofuata ingia katika kituo cha treni cha São Bento hata kama huna safari. Ukumbi wake umefunikwa na vigae vya buluu na vyeupe vipatavyo 20,000, kazi ya mchoraji Jorge Colaço, na mojawapo ya picha zake inaonyesha kutekwa kwa Ceuta mwaka 1415, tukio lililoanzisha tamaa ya Ureno ya kumiliki ng'ambo. Kutoka hapo fuata reli ya Douro kwenda Pinhão, mwendo wa saa mbili na nusu hivi, baada ya kuhakikisha kwenye ratiba ya CP kwamba njia haina matengenezo. Wakati wa kwenda kaa upande wa kulia wa behewa, kwa kuwa reli inapita ukingo wa kaskazini na mto uko kusini yake. Matuta ya mizabibu yaliyojengwa kwa mawe kwenye miteremko hiyo yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na mipaka ya eneo hilo la mvinyo iliwekwa rasmi mwaka 1756.

Kwa chakula, panda metro mpaka Matosinhos, ambako samaki huchomwa kwa makaa kando ya barabara. Mlo unaosifiwa sana mjini, francesinha, ni mkate uliojazwa nyama za aina kadhaa, ikiwamo ya nguruwe, na kumwagiwa mchuzi uliopikwa kwa bia, Mwislamu aupishe.

Hatua ya tano: Nazaré, usiku mmoja

Mji huu wa wavuvi unafikika kwa basi kutoka Porto au Lisbon. Sifa yake inatokana na korongo lililo chini ya bahari, lenye urefu wa kilomita 230 hivi na kina kinachokaribia mita 5,000, ambalo kichwa chake kinafika karibu kabisa na ufuo. Wimbi linalosafiri juu ya korongo halipunguzwi kasi na sakafu ya bahari, ilhali lile lililo pembeni, kwenye kina kifupi, hupungua mwendo. Mawili hayo hukutana mbele ya ufuo wa Praia do Norte na kupandana. Hapo ndipo Mjerumani Sebastian Steudtner alipoteleza juu ya wimbi lenye kimo cha mita 26.21, tarehe 29 Oktoba 2020, rekodi iliyothibitishwa baadaye.

Mahali pa kutazamia ni ngome ndogo ya São Miguel Arcanjo yenye mnara wa taa. Angalia utabiri wa mawimbi siku mbili tatu kabla ya kwenda, kwa sababu hata katika majira yenyewe siku nyingi bahari huwa ya kawaida tu. Usivuke vizuizi, wala usishuke kuoga Praia do Norte kwa hali yoyote. Ufuo wa mjini, upande wa pili wa rasi, ni mtulivu zaidi, na hapo utawakuta wanawake wakianika samaki juani juu ya vitanda vya wavu, kwa namna ambayo mpishi yeyote wa ng'onda wa Unguja ataitambua mara moja.

Hatua ya sita: Lisbon, usiku nne

Siku ya kwanza mjini Lisbon iwe ya makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga, yaliyoko mtaa wa Janelas Verdes. Vitabu vingi vya watalii huyapita haraka, lakini kwa maoni yangu hayo ndiyo yanayomhusu zaidi mtu wa pwani yetu. Ndani yake kimo chombo cha ibada cha Kikatoliki kiitwacho Custódia de Belém, cha dhahabu na rangi za vioo, kilichokamilika mwaka 1506 na kinachohusishwa na sonara Gil Vicente. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alifika Kilwa mwaka 1502 na kwa vitisho vya mizinga akamlazimisha mtawala wake kumlipa kodi mfalme Manuel I; dhahabu hiyo ikawasili Lisbon mwaka 1503, na mfalme akaamuru itengenezwe chombo hicho kwa ajili ya monasteri mpya ya Belém. Miaka miwili baada ya dhahabu kufika, yaani 1505, kikosi cha Francisco de Almeida kiliivamia Kilwa na kujenga ngome. Mitume 12 wadogo waliopiga magoti ndani ya chombo hicho wamechongwa kwa ustadi wa kushangaza, na mtu anaweza kuusifu ustadi huo bila kusahau mali ilivyopatikana. Tenga saa moja kwa chombo hicho peke yake na maelezo yake.

Ukitoka hapo, shuka mpaka kituo cha tramu cha Cais da Rocha na upande tramu namba 15E kwenda Belém. Monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwaka 1501 na kugharamiwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa biashara ya viungo, ina kaburi la Vasco da Gama karibu na mlango wa kanisa. Alifariki Kochi, India, mwaka 1524, na mabaki yanayoaminika kuwa yake yaliwekwa hapo katika karne ya 19. Aliyewahi kusimama kwenye nguzo yake ya Malindi, alikofika Aprili 1498 na kumpata rubani wa kumvusha hadi Calicut, atakuwa ameiona safari hiyo kutoka ncha zote mbili. Hatua chache kutoka monasteri, kando ya mto, lipo sanamu kubwa la mabaharia lililojengwa kwa saruji na mawe mwaka 1960, wakati wa udikteta wa Salazar, na mbele yake ramani ya dunia iliyotandazwa sakafuni ikionyesha njia za meli. Ni kazi ya kujisifu waziwazi. Itazame ukilijua hilo. Mnara wa Belém uko mbele kidogo. Makumbusho na majengo haya ya taifa kwa kawaida hufungwa Jumatatu, na mengine hufungwa kwa ukarabati wa muda mrefu, kwa hiyo thibitisha kabla ya kufunga safari. Keki ndogo za krimu na mayai zinazouzwa Belém tangu mwaka 1837 zinastahili foleni yake, mradi uzile zikiwa moto.

Siku ya pili tembea Alfama na Mouraria kwa miguu. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, pamoja na tsunami na moto uliofuata, liliuangamiza mji wa chini, ambao waziri wa mfalme, Marquês de Pombal, aliujenga upya kwa mitaa iliyonyooka. Alfama ilinusurika kwa kiasi, ndiyo maana vichochoro vyake vingali vinapindapinda. Vaa viatu vinavyoshika, maana mawe ya njia hizo yamelainishwa na nyayo na huteleza sana mvua ikinyesha. Tramu namba 28 hupita hapo, nayo hupendwa na watalii na wachomoaji wa mifukoni kwa kiwango kilekile. Ipande asubuhi mapema, au usiipande.

Mwislamu atapata maduka ya nyama halali na mikahawa ya Wabangladeshi na Wapakistani jirani na uwanja wa Martim Moniz, na msikiti mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, uko karibu na Praça de Espanha. Mahali pengine pote samaki ndiye kimbilio salama, ila uliza kama mchuzi una soseji, hasa kwenye vyungu vya chaza. Mhudumu akileta mkate, zeituni na jibini kabla hujaagiza chochote, fahamu kwamba si takrima. Ukivila utavilipia, na usipovitaka waweza kuvirudisha bila aibu.

Siku ya tatu nenda Sintra kwa treni ya kutoka kituo cha Rossio, mwendo wa dakika 40 hivi. Kasri la Pena, lililojengwa na mfalme Ferdinand II katika karne ya 19, huingiwa kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, basi nunua tiketi mtandaoni na uchague saa ya kwanza. Akili ya kawaida ingesema uyaone majumba yote ya Sintra kwa siku moja. Matokeo yake ni kushinda kwenye mabasi. Tosheka na Pena na ngome iliyo jirani ya Wamori, yaani Waislamu waliotawala huko zamani, kisha panda basi kwenda Cabo da Roca, ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya, ambako genge lina kimo cha mita 140 hivi juu ya maji. Beba sweta hata Agosti. Siku ya nne iache bila mpango.

Hatua ya saba: tembea kwa miguu pwani ya Alentejo, usiku mbili au tatu

Hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Kuna njia iitwayo Trilho dos Pescadores, yaani njia ya wavuvi, inayofuata ukingo wa magenge kutoka São Torpes karibu na Sines mpaka Lagos, kilomita 226 hivi kwa jumla. Imewekewa alama za kijani na buluu. Huna haja ya kuitembea yote. Panda basi kutoka Lisbon hadi Vila Nova de Milfontes, ulale hapo, kisha utembee kwenda Almograve siku ya kwanza, kilomita 15 hivi, na Almograve hadi Zambujeira do Mar siku ya pili, kilomita 22. Katika siku hiyo ya pili utapita Cabo Sardão, ambako korongo, wale ndege weupe wenye miguu mirefu, hujenga viota juu ya nguzo za mwamba zilizozungukwa na mawimbi. Makinda huonekana majira ya kuchipua.

Kilomita hizo ni nzito kuliko zinavyosomeka, kwa kuwa sehemu kubwa ni mchanga uliolegea. Anza alfajiri, beba maji lita mbili au zaidi na chakula cha mchana, kwani kati ya kijiji na kijiji hakuna duka. Zipo huduma za kusafirisha mizigo kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine, zitumie. Kupiga hema ovyo kwenye hifadhi hii ni marufuku.

Hatua ya nane: Algarve, usiku tatu

Fanya Lagos kituo chako. Tarehe 8 Agosti 1444 Waafrika 235 waliotekwa pwani ya magharibi ya Afrika waligawanywa na kuuzwa hapa mbele ya mwanamfalme Henrique, na jengo linaloitwa soko la watumwa sasa ni makumbusho madogo. Lipitie kabla ya kwenda kwenye miamba ya Ponta da Piedade, ambayo hupendeza zaidi kwa mashua ndogo asubuhi, kabla upepo haujaanza.

Pango la Benagil, lenye tundu darini na ufuo ndani yake, lina masharti tangu 2024: hairuhusiwi kuogelea kwenda pangoni wala kushuka kwenye mchanga wake, na kayaki huingia pamoja na kiongozi tu. Ukiona masharti hayo yanakera, tembea njia ya Sete Vales Suspensos, kilomita sita hivi juu ya magenge kuanzia Praia da Marinha, nayo haina kiingilio. Usikae chini ya magenge haya kutafuta kivuli hata kama wenyeji wanafanya hivyo. Mwamba wake ni laini, na mwezi Agosti 2009 genge liliporomoka kwenye ufuo mmoja wa Albufeira na kuua watu watano. Bendera nyekundu ufuoni maana yake ni kutoingia majini kabisa, na namba ya dharura ni 112.

Siku ya mwisho ya kusini chagua kati ya ngome nyekundu ya Silves, iliyokuwa mji mkubwa wa Waislamu kabla ya kutekwa, na Santa Luzia karibu na Tavira, kijiji kinachoishi kwa uvuvi wa pweza. Anayejua pweza wa nazi ataagiza wa kuoka kwa mafuta ya zeituni na viazi, na nina hakika hatalalamika.

Hatua ya tisa: kurudi

Treni kutoka Lagos hadi Lisbon huchukua saa nne hivi, na kwa kawaida hubadilishwa Tunes. Shukia kituo cha Oriente na ulale karibu nacho, kwa kuwa uwanja wa ndege uko vituo vitatu tu kwa metro ya laini nyekundu. Ikiwa ndege yako ni ya jioni, acha mizigo kituoni utembee hadi Oceanário, nyumba ya samaki iliyofunguliwa kwa maonyesho ya dunia ya 1998, kisha ufuate ukingo wa mto Tagus mpaka chini ya daraja la Vasco da Gama. Visiwa vya Madeira na Azores viache kwa safari nyingine. Kila kimoja kinahitaji juma lake, na kuvibana katika ratiba hii kutakunyima siku za Alentejo.